Mahafali Yangoje, Shahada Isingoje

SWALI

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni msichana wa Kwale niliyekamilisha shahada ya ualimu katika chuo kikuu kimoja cha umma huko bara. Nakuandikia Oktoba hii ya 2020 nikiwa nyumbani kwetu, ambako nimekaa tangu vyuo vilipoamriwa kufungwa mwezi Machi, siku chache baada ya kisa cha kwanza cha korona kutangazwa nchini tarehe 13. Mitihani yangu ya mwisho niliifanya mwaka jana, matokeo yakatoka, na amri ya kufunga ilinikuta nikizunguka na fomu ya kuondokea chuoni, kutoka maktaba hadi idara ya fedha hadi bwenini, ili jina langu liingie katika orodha ya wanaofuzu.

Mahafali yetu yalikuwa yafanyike Julai. Nilikuwa nimekwisha kulipa ada ya mahafali pamoja na ya kukodi joho, na mama alikuwa amekwisha kununua leso za sare kwa ajili ya shangazi zangu, mama wadogo na majirani ambao wangepanda naye basi la kukodi hadi chuoni. Naomba uuelewe uzito wa leso hizo. Mimi ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kufika chuo kikuu, na karo yangu ilitoka katika mkopo wa HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu), basari ya kaunti, mahamri na mbaazi anazouza mama tangu alfajiri, na michango ya majirani hao hao ambao leo wananiuliza kila wanaponiona mahafali ni lini. Kaka yangu aliyekuwa akinisaidia alikuwa mhudumu wa hoteli Diani. Wageni walipokoma kuja alirudishwa nyumbani, na hadi sasa hajaitwa tena.

Mwezi Mei chuo kilitangaza kwamba mahafali yameahirishwa hadi tutakapoarifiwa. Mwezi uliopita likaja tangazo jingine: yatafanyika Desemba kwa njia ya mtandao, na ambaye hataridhika anaweza kusubiri mahafali ya kawaida, ambayo tarehe yake haikutajwa. Tangazo hilo halikusema lolote kuhusu ada tulizolipa, wala halikueleza iwapo anayechagua kusubiri atapewa cheti chake mapema au atasubiri vyote pamoja.

Wenzangu wameghadhabika, na siwalaumu. Wameandaa waraka wa kukusanyia saini wakidai mambo mawili: ama mahafali ya ana kwa ana yafanyike Desemba na wazazi wetu waruhusiwe kuhudhuria, ama shughuli yote iahirishwe, hata kutunukiwa shahada kwenyewe, ili chuo kisipate njia rahisi ya kutupa vyeti kisha kikatusahau. Wanasema kwamba tarehe 28 Septemba Rais aliruhusu baa zifunguliwe, akaongeza idadi ya wanaohudhuria harusi na mazishi kutoka 100 hadi 200, na kwamba wanasiasa wanajaza viwanja kila wikendi bila mtu kuwauliza kitu. Kwa kuwa nilikuwa mwakilishi wa darasa, wanataka saini yangu iwe ya kwanza, na mmoja wao ameniambia waziwazi kwamba nikikataa nitakuwa nimewauza.

Mama naye anasema kwamba shahada ya kwenye simu si shahada, na kwamba hawezi kuwaambia watu waliochanga kuwa mtoto wao alifuzu akiwa amekaa ukumbini kwa jirani mwenye intaneti. Nyanya yangu, ambaye ana zaidi ya miaka 70 na anaugua kisukari, amesema hajali kupatwa na ugonjwa ilmradi anione nimevaa joho. Maneno hayo ya nyanya yananinyima usingizi. Mimi mwenyewe naitamani siku ile, na itakuwa uongo nikisema siitamani; lakini nataka pia kujisajili na Tume ya Huduma za Walimu (TSC) nianze kutafuta kazi, na bila cheti siwezi. Je, nitie saini? Na mama nimwambie nini?

Mwanao,
Kwale

JIBU

Marahaba, mwanangu, na hongera. Naanza na hongera kwa sababu katika barua yako yote sikuona mahali ambapo mtu yeyote alikupa, na kazi uliyoifanya kwa miaka hii imekwisha, hata kama haijatangazwa.

Usiutie saini waraka huo jinsi ulivyo. Usiukatae pia ukakaa kando, kwa sababu wenzako wana malalamiko ya haki, na mwakilishi wa darasa anayenyamaza wakati kama huu huwaacha watu wake bila wa kuwasemea. Waombe muuandike upya. Kosa la waraka huo ni kwamba umefunga pamoja vitu viwili ambavyo vinaweza kutenganishwa, yaani kutunukiwa shahada na kukusanyika kusherehekea, na kwa kuvifunga hivyo unahatarisha kimoja kwa ajili ya kingine.

Fikiria jinsi shahada inavyopatikana hasa. Idara na kitivo hupitisha matokeo, Seneti huidhinisha orodha ya waliotimiza masharti, kisha siku ya mahafali Chansela, au anayemwakilisha, hutamka maneno ya kuwatunuku wote walio katika orodha hiyo. Wote, pamoja na wasiokuwapo. Miaka nenda miaka rudi, vyuo vyetu vimewatunuku shahada watu waliokuwa kazini Turkana, waliokuwa wamelazwa hospitalini, waliokuwa ng'ambo, na waliokosa tu nauli, na hakuna mwajiri aliyewahi kukiangalia cheti chao akauliza kama mwenyewe alikuwa amekaa uwanjani siku ile. Kwa hiyo mama anaposema kwamba shahada ya kwenye simu si shahada, mweleze kwa upole kwamba shahada haijawahi kutegemea mahali mtu alipokaa. Mwezi Julai Wizara ya Elimu ilipotangaza kwamba vyuo vitafunguliwa kikamilifu Januari 2021, iliviachia vyuo vilivyotimiza masharti viendelee na masomo na mahafali kwa mtandao. Na tarehe 25 Septemba Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho ndicho kikongwe kuliko vyote nchini, kilifanya mahafali yake ya 63 kwa njia hiyo. Waliofuzu siku ile wamefuzu kama waliowatangulia.

Sasa litazame dai la pili la waraka, lile la kutaka hata kutunukiwa kuahirishwe. Naelewa lilivyotokea: wenzako wanahofu kwamba chuo kikishawapa vyeti hakitakuwa na sababu ya kuwaita tena. Hofu hiyo ina msingi, na nitaeleza hapa chini jinsi ya kuikabili. Lakini kuahirisha kutunukiwa ni silaha inayomkata anayeishika. Wewe ni mwalimu. Huwezi kusajiliwa na TSC bila nakala za vyeti vyako vya masomo, na bila usajili huwezi kuajiriwa kihalali kufundisha, hata katika shule ya kibinafsi iliyo hapo karibu nanyi. Isitoshe, mwongozo ambao Tume hiyo hutumia kuajiri walimu wa sekondari hutoa alama kwa kuzingatia muda uliopita tangu mtu afuzu, kwa hiyo mwaka ulioandikwa katika cheti chako utakufuata katika kila usaili kwa muda mrefu. Na wakati ninyi mnasubiri, HELB haisubiri nanyi, kwa sababu sheria yake inamtaka mkopaji aanze kulipa ndani ya mwaka mmoja tangu akamilishe masomo, na wewe masomo uliyakamilisha mwaka jana. Katika nyumba ambayo kaka amepoteza kazi na mama anaamka alfajiri kukaanga mahamri, sioni ni nani anayefaidika kwa cheti chako kukaa katika kabati la chuo hadi mwaka ujao au ule unaofuata.

Dai la kwanza, la kuwakusanya wahitimu na wazazi Desemba, ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, na naomba univumilie hapa. Nchini mwetu visa vilivyothibitishwa vimepita 40,000, na waliofariki wamezidi 700. Watu wengi walipumua Septemba, idadi ya maambukizi ilipokuwa ikishuka, na mimi pia nilipumua. Lakini hakuna anayeweza kukuahidi leo kwamba Desemba itakuwa salama, hasa kwa vile wanafunzi wa Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne wamerudi shuleni mwezi huu na sikukuu zinakaribia. Ugonjwa huu unapenda mikusanyiko ya aina ile ile tunayoipenda sisi. Tarehe 10 Machi mwaka huu, katika jimbo la Washington huko Marekani, wanakwaya 61 walikutana ukumbini kwa mazoezi ya muda wa saa mbili na nusu, mmoja wao akiwa na dalili ambazo pengine alidhani ni mafua ya kawaida. Kwa makadirio ya wataalamu wa afya waliochunguza tukio hilo, watu 52 miongoni mwa wenzake waliugua, na wawili walifariki. Hawakuwa walevi wala watu wa fujo. Walikuwa watu waliokutana kuimba.

Wenzako watakujibu kwamba mahafali yetu hufanyika nje, kwenye uwanja na chini ya mahema, na katika hilo wana hoja. Nje kuna hewa, na hewa inasaidia. Lakini mahafali hayaanzii uwanjani. Kwa familia yako yangeanzia katika basi la kukodi litokalo Kwale usiku kucha, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi ya bara, nyanya amekaa katikati ya watu wanaoimba. Unakumbuka kwamba tangu Machi matatu ya abiria 14 iliagizwa kubeba wanane tu, na kwamba treni ya Mombasa na Nairobi ilisimamishwa Aprili na iliporudi Julai ikarudi na nusu ya abiria. Maagizo hayo yalitolewa kwa sababu safari yenyewe ni mkusanyiko. Kisha kungekuwa na kulala kwa jamaa aliye karibu na chuo, watu wanane katika chumba kimoja, foleni ya langoni, msongamano wa kurudisha majoho, na chakula cha pamoja kabla ya kugeuka kurudi. Maabadi yalipofunguliwa tena mwezi Julai, waliozidi umri wa miaka 58 waliambiwa wabaki nyumbani kwanza, ilhali ibada ilikuwa isizidi saa moja. Nyanya yako amezidi umri huo kwa zaidi ya miaka kumi, na ana kisukari, ambacho ni miongoni mwa maradhi yanayoufanya ugonjwa huu uwe mkali. Anaposema hajali kupatwa, anasema hivyo kwa mapenzi, na ni juu yenu mlio wadogo kumkatalia kwa mapenzi.

Kuhusu baa na wanasiasa, nitasema wazi kwamba wenzako wana haki ya kukasirika. Ni jambo la aibu kwa kiongozi kuvaa barakoa mbele ya kamera akituhimiza tukae mbali mbali, kisha Jumamosi akapanda juu ya gari kuhutubia umati uliobanana. Waandike hivyo, na waandike kwa ukali kama wanataka. Lakini umati wa wanasiasa ukiwa ni kosa, basi waraka wenu haupaswi kuomba ruhusa ya kufanya umati wa aina hiyo hiyo mkiwaleta mama zenu. Idadi ya watu 200 iliyotajwa Septemba iliwekwa kwa harusi na mazishi. Mahafali ya chuo cha umma yana wahitimu maelfu, na kila mmoja akija na watu wawili tu, uwanja umekwisha kujaa mara tatu.

Basi mdai nini? Nimewahi kukaa katika kamati za mahafali kwa muda wa kutosha kujua kwamba ofisi za chuo hujibu upesi barua inayoomba mambo yanayotekelezeka, na huiweka kando ile inayotisha. Kiini cha waraka wenu kinaweza kusomeka hivi:

“Sisi wahitimu tuliosaini hapa chini tunakubali kutunukiwa shahada zetu kwa njia ya mtandao mwezi Desemba, na tunaomba tupewe vyeti na nakala za matokeo si zaidi ya siku 30 baada ya hapo. Tunaomba Chuo kithibitishe kwa maandishi kwamba kila mmoja wetu atakayependa atashiriki, bila malipo mengine, katika mahafali ya kwanza ya ana kwa ana yatakayofanyika baada ya serikali kuruhusu mikusanyiko ya ukubwa huo, na kwamba tutaarifiwa angalau miezi miwili kabla, kwa kuwa wengi wetu tunatoka mbali. Tunaomba pia ada ya joho tuliyokwisha kulipa ihamishiwe siku hiyo, au irudishwe kwa atakayeamua kutoshiriki.”

Utaona kwamba sikutaja tarehe ya mahafali hayo ya baadaye. Tarehe ni ahadi ambayo hakuna mtu mkweli anayeweza kuitoa Oktoba hii, na chuo kikilazimishwa kuitoa kitaivunja, halafu ninyi mtaumia mara ya pili. Sharti linalojulikana, pamoja na muda wa kuarifiwa, vina nguvu zaidi kuliko tarehe ya kubahatisha. Utaona pia kwamba ile hofu ya kusahauliwa imejibiwa: barua yenye muhuri inayosema kwamba mtaitwa bila malipo ni kitu mnachoweza kukishika na kukidai baadaye, tofauti na cheti kilichokaa kwao ambacho nyinyi wenyewe ndio mnakihitaji. Na ombi la kuhamishiwa ada si dogo kama linavyoonekana, kwa kuwa kwa familia nyingi mwaka huu pesa hizo zingekuwa unga wa siku kadhaa.

Kuna ombi jingine ambalo ningeliongeza, na nadhani ndilo litakalomgusa mama yako kuliko mengine. Ombeni chuo kiwaazime majoho kwa zamu, watu wachache wachache, kwa siku zilizopangwa, kupitia kampasi au vituo vyake vilivyo karibu na mnakoishi, ili kila mhitimu apige picha na watu wa nyumbani kwake. Nitakueleza kwa nini.

Mama yako hajawahi kuhudhuria mahafali ya chuo kikuu, na nashuku kwamba anayoyaona akilini mwake ni jina lako likiitwa, wewe ukipanda jukwaani mbele ya watu wote, ukipewa cheti mkononi huku yeye akipiga vigelegele. Sivyo inavyokuwa kwa shahada ya kwanza. Wanaoitwa kwa majina na kupanda mbele ya Chansela ni wale wa uzamifu. Ninyi wa shahada ya kwanza mngeambiwa msimame kitivo kizima, mkuu wa kitivo angesoma maneno machache kuwawasilisha, Chansela angewatunuku kwa sentensi moja, mngerudi kuketi, na basi. Mama angekuwa katika hema la wazazi upande wa pili wa uwanja, akijaribu kukutambua katika bahari ya kofia nyeusi, au akiitazama skrini iliyotundikwa kwenye nguzo. Cheti chenyewe, mara nyingi, hakitolewi siku hiyo. Kinafuatwa ofisini baadaye. Simwelezi hayo ili aione siku ile kuwa haina maana. Ninachotaka kusema ni kwamba maana yake ilikuwa mahali pengine: ilikuwa langoni, baada ya shughuli rasmi, pale wanawake wenye leso za sare wanapokuzunguka, wanakuvisha mashada shingoni, wanakuimbia kwa Kidigo au kwa lugha yoyote ya kwenu, na mpiga picha anawapanga msimame vizuri. Hayo ndiyo atakayoyakumbuka. Na hayo ndiyo ambayo yanaweza kungoja bila kuharibika, kwa sababu hayategemei Seneti wala Chansela. Yanategemea joho, leso, na watu wale wale wakiwa wazima.

Kwa hiyo unapozungumza naye, usianze na korona wala na tangazo la chuo. Muulize kwanza ni kitu gani katika siku hiyo anakitaka kuliko vyote, kisha umsikilize mpaka amalize. Nadhani atakuambia kuhusu watu waliochanga, kwamba lazima waone matunda ya mchango wao. Hilo ni deni la heshima na analichukulia kwa uzito unaostahili. Mwambie kwamba deni hilo litalipwa, na kwamba mtaanza kulilipa mapema: nenda wewe mwenyewe, mkiwa mmevaa barakoa na mkisimama barazani bila kuingia ndani, ukawaambie waliochanga mmoja mmoja kwamba umefuzu na kwamba shahada inatolewa Desemba, uwashukuru kwa kinywa chako. Mtu aliyeshukuriwa mlangoni kwake haulizi tena mahafali ni lini. Leso zikunjwe na zihifadhiwe. Zilinunuliwa kwa ajili ya siku ambayo bado inakuja.

Siku yenyewe ya Desemba, kaeni watu wa nyumba yenu tu. Kama intaneti ni ya kusumbua huko kwenu, usikubali mjazane kwa jirani. Uliza mapema kama shughuli itarushwa pia kwa runinga au redio, na kama haitarushwa, nunua data kidogo ya kutosha ile sehemu ambapo kitivo chako kinawasilishwa, kwa maana ratiba hutolewa kabla. Mpe nyanya kiti cha mbele. Chinjeni kuku mle. Nakusihi msiigeuze siku hiyo kuwa mahafali madogo ya kijiji yenye hema na vipaza sauti, kwa sababu mtakuwa mmekwepa msongamano wa chuoni na kuuleta uani kwenu, aliko nyanya.

Kwa yule aliyekuambia kwamba utakuwa umewauza, usijibizane naye kwa maneno. Mpelekee rasimu hii na umwombe aiboreshe, kisha aitie saini pamoja nawe. Nimeona mara nyingi kwamba mtu anayepiga kelele kuliko wote katika darasa ndiye anayekusanya saini kwa bidii zaidi akishapewa kitu cha kukusanyia. Akikataa, endelea na walio tayari. Na wale watakaochagua kusubiri mahafali ya kawaida kwa hiari yao wasizuiwe, mradi waujue vizuri ule mwaka wanaouacha upite.

Mkikubaliana, waraka uelekezwe kwa Msajili wa Masuala ya Kitaaluma, nakala iende kwa Mkuu wa Wanafunzi na kwa mkuu wa kitivo chenu, na muuwasilishe mapema kabla ya kikao cha Seneti kitakachoidhinisha orodha, maana baada ya kikao hicho kila ofisi itawaambia kwamba mambo yamekwisha kuamuliwa. Ombeni jibu la maandishi, kisha kila mmoja wenu awe na nakala yake.

Na wewe mwenyewe, wiki hii, kabla hata ya waraka kukamilika, hakikisha kwamba fomu ile uliyokuwa ukizunguka nayo Machi ilimalizika, kwa kuwa jina la mtu anayedaiwa kitabu kimoja cha maktaba huachwa nje ya orodha bila yeye kujua. Kisha omba uonyeshwe jina lako lilivyoandikwa katika rasimu ya kijitabu cha mahafali, na ulilinganishe herufi kwa herufi na kitambulisho chako pamoja na cheti chako cha KCSE. Likiwa na kosa, lirekebishwe sasa, maana TSC huyalinganisha majina hayo, na cheti kikishachapishwa kubadilisha herufi moja kunaweza kuchukua miezi.